Mhunzi apimwe kwa nyundo aliyoifua mwenyewe

Tanzania ina utaratibu mzuri wa kumtambua fundi aliyejifunzia kazi mtaani. VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, humpima mwashi au fundi magari ambaye hakuwahi kukaa darasani, na akifaulu humpa cheti. Kwa wahunzi napendekeza mtihani mmoja tu: mtahiniwa apewe kipande cha ekseli ya lori, mkaa, fuawe na msaidizi wa kupiga nyundo kubwa, kisha atoke na nyundo ya kilo moja inayofaa kazi. Mwenye kuona mtihani huo mwepesi hajawahi kuangalia nyundo inavyofuliwa.

Kwanza kuna kuchagua chuma, na chuma chakavu hakiji na maelezo. Flati baa ya madirisha ina kaboni kidogo. Uichovye majini mara ngapi, haikazi, na nyundo yake itabonyea baada ya siku chache. Tupa kuukuu lina kaboni nyingi kupita kiasi na hupasuka kwa urahisi. Ekseli iko katikati, lakini fundi makini haamini macho tu: hukigusisha chuma kwenye grainda akasoma cheche, maana chuma laini hurusha mistari mirefu iliyonyooka na kile chenye kaboni nyingi hutoa cheche zinazopasukapasuka. Linafuata tundu la mpini, na hapo ndipo wengi huumbuka. Tundu hutobolewa chuma kikiwa chekundu hasa, kwanza upande mmoja halafu wa pili, tindo ikichovywa majini kila baada ya mapigo machache isije ikalainika na kunasa ndani. Likienda kombo kidogo tu, nyundo itajipindua mkononi kila inapopiga. Tena lazima liwe jembamba katikati na pana midomoni, ili kabari ikiingia mpini usichomoke. Mwisho ni kukaza uso: nyundo hupashwa moto hadi sumaku isiishike tena, yaani kama nyuzi 770 za Selsiasi na kupita kidogo, uso unazamishwa, unasuguliwa haraka kwa msasa, kisha fundi anatazama joto lililobaki mwilini likisogea na rangi zikibadilika, manjano hafifu, kahawia, zambarau. Akiacha uso mgumu mno, tupa litateleza juu yake bila kukwaruza, na siku moja kibanzi kitaruka kiingie jichoni mwa mtu. Akichelewa, uso unarudi kuwa laini.

Hakuna mwanagenzi anayeanzia hapo, na wala asianzie. Huanza na kulabu na misumari, akafua koleo za kushikia chuma, kisha tindo ile ile itakayotoboa tundu na kipande cha kulipanulia. Kwa hiyo anayeifikia nyundo anakuja na vifaa alivyovitengeneza, na mtahini anaweza kuvikagua pia. Ndiyo maana naona mtihani huu una haki kuliko maswali ya kuandika, ambayo humwangusha fundi hodari asiyezoea kalamu na kumpitisha aliyekariri.

Watapinga wengine kwamba nyundo kutoka nje ni za bei rahisi, nani atanunua ya kufua? Pengine hakuna, lakini hatumpimi mtu ili auze nyundo. Mkulima anataka jembe lisilopinda, na mchimbaji mdogo wa Geita anahitaji tindo na mtarimbo vinavyonolewa na kukazwa upya kila mara. Ujuzi wa rangi na joto ni ule ule. Hoja yenye uzito zaidi ni kwamba mafundi wengi wa chuma siku hizi ni wa kuchomelea. Ni kweli, na hao wapimwe kwa kuchomelea. Kosa ni kuwatia wote kapu moja, mhunzi akapewa cheti kwa kazi asiyoifanya au akakosa kabisa.

Tatizo halisi ni nani atasahihisha. Katika miaka ya 1970 watafiti walipowaomba wazee wa Kihaya huko Kagera wayeyushe chuma kwa njia ya mababu, kazi iliwezekana kwa sababu wazee walioifanya ujanani walikuwa bado hai. Kufua chuma hakujafikia hatari hiyo. Wahunzi wenye feni za kuzungushwa kwa gurudumu la baiskeli wangali wengi. Lakini mwalimu wa chuo aliyefundishwa mashine za kukerezea hawezi kusoma rangi ya uso wa nyundo kwa sekunde zile chache. Waitwe wahunzi wazoefu wakae kwenye meza ya watahini, na walipwe posho sawa na wenye shahada.