Kompyuta Isiombe Intaneti Ili Ipate Intaneti

Hapa Grand Prairie, nyumba nyingi tunazozijua zina laptopu ya zamani kabatini. Akitokea mtu anayesafiri kwenda Mwanza au Bukavu, wazazi humpa aitie sandukuni, na sisi vijana huambiwa, "Mwanangu, hebu itengeneze kwanza." Ushauri wetu: iwekewe Linux, lakini isiondoke kabla ya waifai kujaribiwa.

Sababu iko kwenye kiini, yaani programu inayosimamia vifaa vyote vya kompyuta. Kiini hakiweki viendeshi vyote kwenye kumbukumbu. Mpishi mwenye wageni wawili hashushi masufuria ya harusi. Kompyuta ikiwaka, kila kifaa hujitambulisha kwa namba: ya mtengenezaji wake na ya aina yake. Kiini hutoa taarifa, udev huipokea, kisha modprobe hutafuta namba hizo katika orodha iliyomo ndani ya /lib/modules. Kiendeshi kikipatikana, hupakiwa papo hapo. Ndiyo maana flashi moja ya Linux huweza kuwasha Dell na HP bila kubadilishwa chochote.

Ila kinachopakiwa ni kile kilichopo kwenye diski. Kadi nyingi za waifai zinahitaji pia famuwea, programu inayofanya kazi ndani ya kadi yenyewe. Kwa miaka mingi Debian iliacha famuwea zisizo huria nje ya diski zake rasmi. Tangu Debian 12, Juni 2023, zimo. Tunaheshimu msimamo ule wa zamani, lakini haukumsaidia shangazi mwenye laptopu isiyoona mtandao. Na hata leo famuwea ya baadhi ya kadi za Broadcom lazima ipakuliwe, kwa sababu ya leseni.

Wapo klabuni wanaosema simu itatoa intaneti kwa waya wa USB. Ni kweli, kiendeshi chake kipo. Lakini bando hununuliwa, na nani atamsomea shangazi amri za kuandika, herufi kwa herufi, saa sita usiku?

Karatasi ya maelezo nayo iwe ya Kiswahili. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilikuwa na OpenOffice ya Kiswahili tangu 2004, kwa hiyo maneno hatukosi.

Kabla ya kukabidhi, andika lspci -k uone kama kadi ya mtandao imepata kiendeshi. Kisha unganisha waifai kweli, ufungue ukurasa mmoja. Ikigoma, famuwea itiwe hapa hapa, sanduku likiwa bado halijapimwa.