Bonasi ya Mama Isiyeyuke na Mvua

Bonasi ya majani chai ikiingia mwezi wa Oktoba, barabara ya kutoka Kericho kwenda Litein na Sotik hujaa lori za matofali. Kila boma lina mjengo: ukuta, choo, banda la kuku, vyumba viwili vya kukodisha. Na swali la kwanza huwa ni moja tu: tofali ni pesa ngapi?

Anza na swali lingine, ndugu yangu. Tofali hilo linakunywa maji kiasi gani?

Kericho si Kajiado. Huku mvua hunyesha karibu kila mwezi, karibu milimita 2,000 kwa mwaka, halafu kuna mvua ya mawe. Ukuta wa nje haupati nafasi ya kukauka.

Mimi nilijifunza kwa uchungu. Baada ya kuacha chuo, nilimshawishi mama anunue matofali ya simiti ya bei poa kando ya barabara, yaliyofyatuliwa siku nne tu. Nikaambiwa, "Hayo yamekauka." Kumbe kukauka si kukomaa! Tofali la simiti linataka kumwagiliwa maji angalau wiki moja, na nguvu yake hupimwa likifika siku 28. Kufikia Mei, pembe za banda zilikuwa zinabomoka ukizigusa kwa kidole. Jasho la mama la mwaka mzima, wasee, likaishia hapo.

Siku hizi sinunui kwa macho. Naomba tofali moja, nalipima likiwa kavu, naliloweka kwenye ndoo usiku kucha, kisha nalipima tena. Likiongeza uzito sana, ama liache matope kwenye ndoo, namrudishia mwenyewe. Halafu nagonganisha mawili. Yaliyokomaa hutoa mlio mkali. Mabichi yanalia kama boga.

Sisemi uyakimbie yale ya kushikana, ya udongo na simiti. Yakishindiliwa vizuri na simiti isipopunjwa, yanadumu. Lakini yaanzie juu ya msingi wa mawe magumu, uweke karatasi ya kuzuia unyevu, na paa litokeze nje ya ukuta.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tunanunua ukuta ukiwa tayari na ufa. Muuzaji akikunyima tofali moja la kujaribu, ushapata jibu. Enda kwa mwingine.