Lumbesa ya maji: nani anahesabu madumu yanayotoka Mang'ola?

Makamanda, tukisikia "maji Karatu" tunafikiria bomba, bili na foleni ya madumu. Leo naongelea maji ambayo hayana mita. Yanapakiwa kwenye fuso pale Mang'ola, yanavuka Namanga, yanalala Nairobi. Yamo ndani ya kitunguu.

Hesabu yenyewe ni ndogo. Kwa wastani wa dunia, kilo moja ya vitunguu inakula zaidi ya lita 200 za maji mpaka ivunwe. Gunia la kilo 100, basi, ni lita 20,000 na ushee: madumu 1,000! Na Mang'ola ni ukanda mkavu, kando ya Ziwa Eyasi lenye maji ya chumvi. Mvua haitoshi, kitunguu kinamwagiliwa kwa chemchemi kama zile za Qang'dend, ambazo zinalishwa na mvua ya misitu ya nyanda za juu, huko Oldeani na Ngorongoro.

Profesa Tony Allan wa London alianza kulisema jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 1990: nchi kame za Mashariki ya Kati zinaagiza maji kwa sura ya ngano. Mwaka 2008 akapewa Tuzo ya Maji ya Stockholm. Mkulima wa Barazani anayekesha mferejini akisubiri zamu yake angemwambia hayo bila tuzo.

Sisemi tusiuze Kenya. Soko la Nairobi limeezeka nyumba na kusomesha watoto Mang'ola, na anayetaka mpaka ufungwe anamkomoa mkulima wetu, siyo Mkenya. Ugomvi wangu uko kwenye lumbesa. Sheria ya vipimo inasema gunia lisizidi kilo 100. Likizidishwa kilo 30, mkulima amegawa vitunguu bure, na ndani yake madumu 300 ya maji. Dalali hayalipii. Anayeyalipia ni mama wa mwisho wa mfereji, ambaye pampu za juu zikishanyonya yeye anabaki na tope.

Sasa pandeni juu, Ngorongoro. Kilimo ndani ya hifadhi kilipigwa marufuku 1975, kikaruhusiwa kidogo 1992, kikafungwa tena 2009. Kwa hiyo mahindi ya Endulen na Nainokanoka lazima yatoke nje. Mfugaji anauza ng'ombe ili anunue unga, na ndani ya unga ule ananunua maji yaliyotumika kwenye mashamba ya wengine. Tangu 2022 anaambiwa ahamie Msomera, kwa jina la uhifadhi. Haya, uhifadhi huo ndio unaolinda misitu inayojaza chemchemi za Mang'ola. Yeye anapata nini kwenye kila fuso linalotoka? Hakuna anayemuuliza, si ajabu maana hata kupiga kura kuhusu ardhi yake ni shughuli.

Zana za kubadilisha hali hii zipo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inataka vibali vya kutumia maji, na kwetu vinasimamiwa na Bodi ya Maji Bonde la Kati, makao yake Singida. Vibali hivyo vibandikwe kwenye ofisi za vijiji, kila mtu asome nani ana pampu na ya lita ngapi. Mizani iwekwe pale magari yanapopakia. Na sehemu ya ushuru wa kila gunia irudi kulinda chemchemi na kupeleka maji ya kunywa vijiji vya chini.

Wanajisifu wamemtua mama ndoo kichwani. Karatu ilimpeleka Dk. Slaa bungeni kuanzia 1995 mpaka 2010 kwa sababu watu wake hawaogopi kuuliza. Kwenye mkutano ujao wa kijiji, muombeni mtendaji orodha ya vibali vya maji. Akisema hana, ombeni kwa barua, apige muhuri wa kupokea, nakala moja mbaki nayo.