Baridi ya Bomet Haitoshi

Nikikuuliza ni wapi gari lenye nguvu linaweza kusumbuliwa na joto, bila shaka utataja Mombasa, au Garissa. Hutataja Siongiroi. Huko ni Chepalungu, katika kaunti ya Bomet, nchi ya ng'ombe wa maziwa inayopakana na ile ya majani chai, na asubuhi ya Julai hutoki nje bila sweta. Lakini ni huko huko, Desemba iliyopita, nilikomkuta shemeji yangu ameliegesha Mercedes lake chini ya mti, boneti juu, mikono kiunoni.

Gari lenyewe ni C200, lile lililobandikwa neno Kompressor. Shemeji ni mwalimu, na alilinunua kwa mkopo wa Sacco kutoka kwa mtu wa Nairobi aliyekuwa amelitumia miaka kadhaa. Mwaka wa kwanza liliruka kama swara. Kisha likaanza kuchoka mipandoni, hasa ule mpando mrefu wa kutoka Mai Mahiu, ambako unatambaa nyuma ya malori mpaka usahau ulikokuwa unakwenda. Ukipata nafasi ya kupita, unakanyaga mafuta na gari linakuangalia tu.

Mpwa wangu, ambaye yuko mwaka wa pili chuo kikuu, alikuwa na dawa tayari. "Mjomba, kuna fundi Nairobi anayefunga puli ndogo. Baba anakusikiliza wewe. Mwambie akubali." Bei ya puli hiyo, pamoja na kuchezea kompyuta ya gari, ilikaribia karo ya muhula mzima ya dada yake mdogo aliye shule ya bweni. Mama yao, yaani dada yangu, alikuwa amenyamaza, na anayemjua dada yangu anajua maana ya kimya hicho.

Hebu tuanze na mtambo wenyewe. Kompressor ni jina la Kijerumani la kile mafundi wetu wanachokiita supachaja: pampu ya hewa inayozungushwa na mkanda kutoka kwenye injini. Binamu yake ni tabo, ambayo huzungushwa na moshi unaotoka. Kazi yao ni moja, kuishindilia hewa nyingi ndani ya injini ndogo ili ichome mafuta mengi zaidi. Tatizo ni kwamba hewa ikishindiliwa hupata joto. Kama umewahi kupiga pampu ya baiskeli kwa haraka, umelihisi joto hilo kiganjani. Hewa iliyoingia ikiwa nyuzi 20 yaweza kutoka kwenye supachaja ikikaribia nyuzi 80, na hewa moto ni nyepesi. Mbaya zaidi, mchanganyiko wenye joto jingi hulipuka kabla ya wakati wake. Ndio ule mgongo unaosikika kama mtu anayetikisa misumari ndani ya kopo. Ukiachwa uendelee, pistoni hutoboka.

Kwa hiyo watengenezaji huweka intakula katikati. Ni kama rejeta, ila ndani yake hupita hewa iliyoshindiliwa badala ya maji. Ikiishusha hewa ile kutoka nyuzi 80 hadi 40, uzito wake kwa kipimo kile kile huongezeka kwa karibu asilimia 13, na injini hupumua kwa raha.

Sasa hapa ndipo nyanda za juu zinapomhadaa mtu. Kuna baridi, ndiyo, lakini kuna hewa haba. Ukiwa mita 2,000 juu ya bahari, kanieneo la hewa limepungua kwa takriban moja ya tano ukilinganisha na Mombasa. Supachaja yenye puli ile ile humeza hewa pungufu, na upepo unaopita kwenye intakula nao ni mwembamba, haubebi joto jingi. Kijana anaona nguvu zimepungua, anataka puli ndogo ili supachaja izunguke kwa kasi zaidi. Joto linapanda, intakula ni ile ile. Kompyuta ya gari ikisikia injini inagonga inachelewesha moto wa plagi, na zile nguvu ulizozinunua kwa karo ya mtoto zinarudishwa ghalani kimya kimya.

Nilipomweleza mpwa wangu hivyo, aliniambia nazeeka. (Sijafika hata arobaini.) Nikamkumbusha maziwa. Siongiroi kuna mtambo wa wakulima wa kupoza maziwa, na kila mtoto wa huko anajua kwamba maziwa yasiposhushwa haraka hadi nyuzi 4 hivi, safari ya kiwandani ni bure. Kabla ya mitambo hiyo watu walizamisha mitungi yao mtoni. Uliweka mtungi penye maji yanayokwenda, hukuuweka kwenye kidimbwi, kwa sababu maji yaliyotulia hupata joto la maziwa na kukaa nalo. Intakula nayo ni mtungi. Chuma chake hakipozi kitu kama upepo haupiti.

Basi tukafungua bampa la mbele, shemeji, mpwa wangu, mimi na fundi mmoja wa Bomet. Jamani! Mapezi ya intakula yalikuwa yamezibwa kwa matope makavu, mbegu za nyasi na mabawa ya wadudu. Zile plastiki za pembeni zinazouelekeza upepo hazikuwapo kabisa. Inaelekea gari liligongwa zamani likavishwa bampa jingine bila hizo. Na upepo ni mvivu. Ukiona nafasi kando ya intakula utapita hapo, hautajisumbua kupenya katikati ya mapezi. Klipu ya paipu moja nayo ilikuwa imelegea, hewa ikivuja.

Tuliosha kwa maji ya mpira yasiyo na nguvu, tukianzia upande wa injini kuja mbele. Usikubali ile mashine ya kuoshea magari iyakaribie mapezi, huyalaza yote. Ndani mlikuwa na oili kidogo. Fundi aliitoa, akasuuza, akakausha hadi akaridhika, kwani oili ikiganda huwa kama blanketi. Plastiki zilizopotea akazikata upya kwa bati jembamba la aluminiamu, na kila mwanya akauziba kwa sponji.

Shemeji anacho kile kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na kupeleka habari za gari kwenye simu. Asubuhi kabla ya kazi hiyo, kwenye mpando mmoja wa kuelekea Bomet, joto la hewa inayoingia kwenye injini lilisoma 71, nje kukiwa 22. Kesho yake, mpando ule ule na saa ile ile, lilisoma 46. Mpwa wangu alinyang'anya simu akaangalia mwenyewe.

Wewe mwenye Range Rover ya supachaja, au Mercedes E55 AMG, intakula yako hupozwa kwa maji, na ugonjwa wake ni mwingine. Kuna pampu ndogo ya umeme inayozungusha maji hayo hadi rejeta yake ya mbele. Pampu ikichoka, au hewa ikinaswa kwenye mipira, maji hutulia kama kidimbwi. Mwambie fundi aipime pampu na atoe hewa yote kabla hajakutajia kitu kingine. Hata Toyota, walipounda Celica maalumu ya mashindano ya miaka ya mwanzo ya 1990, waliipa intakula ya maji. Celica ndiyo aliyoshindia Mkenya Ian Duncan katika Safari Rally ya 1994, ingawa ile ilikuwa ya tabo.

Karo ililipwa Januari. Puli bado naitajiwa kila kijana anaponipigia simu. Nimemwambia atafute kwanza bei ya intakula kubwa zaidi, aiandike kwenye karatasi, na karatasi hiyo ampelekee mama yake.