Hamri limepungua, bei ni ile ile

Mbaazi za nazi na mahamri ndicho kifungua kinywa cha Mombasa, na mlaji wa kila siku huijua hali ya uchumi kwa kulishika hamri tu. Mwaka 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine, ngano ilipanda bei, na Kenya huagiza nje sehemu kubwa ya ngano yake. Aprili mwaka huohuo Indonesia ikasimamisha kwa wiki kadhaa uuzaji nje wa mafuta ya mawese. Unga na mafuta vikambana mama karai, mkaangaji wa mahamri, kwa pamoja.

Wapo waliopandisha bei. Wengine walipunguza donge.

Mnunuzi asiwalaumu, kwani hamri lina gharama na kazi. Hamri la haki lina tui, iliki, sukari na hamira, na unga wake hukandwa usiku ili uumuke hadi alfajiri. Likitumbukizwa kwenye mafuta ya moto hufura, na likipasuliwa huwa na uwazi ndani, tayari kupokea mbaazi zenye tui zito.

Mpika vitumbua ana nafuu kidogo: hutumia mchele uliolowekwa ukasagwa, na karai lake la vishimo halitaki mafuta mengi. Mwenye mfuko mwepesi avijaribu vingali vya moto, kingo zimekauka, kati bado laini.