Bibi Yako Ana Haki ya Kuuliza, na Simu Unayo Wewe

Leo tuongee nyumba za kaunti. Zile za zamani ambazo wengine wenu mmezaliwa ndani yake: Tudor, Mzizima, Likoni, Changamwe. Kila mara tetesi zikianza kwamba mtaa utabomolewa, wazee wanakaa barazani wanaulizana wao kwa wao, "Mushasikia nini?" Na sisi vijana tunapiga video ya kulalamika, tunapata laiki, tunalala.

Buxton mnaijua. Wapangaji 520 walitakiwa watoke kupisha ghorofa mpya, kila familia ikapewa shilingi 240,000 za kupanga kwengine miaka miwili. Gawanya kwa miezi 24, ni 10,000 kwa mwezi. Sasa angalia Pangani kule Nairobi: familia 48, nazo pia wapangaji wa nyumba za serikali ya mji, zilipewa 600,000 kila moja. Hiyo ni 25,000 kwa mwezi. Haya, kodi ya Nairobi iko juu, sikatai. Lakini nani aliyekaa chini akapiga hesabu ya Mombasa, na karatasi ya hesabu yenyewe iko wapi?

Ukiuliza hivyo tu, utaambiwa wapinga maendeleo. Mimi sipingi ghorofa. Nyumba za Buxton zilikuwa zimechoka, yani zimechoka kweli. Shida ni kwamba bibi alikuwa akilipa kodi ndogo kila mwezi, na nyumba mpya zauzwa. Kumwambia mtu wa kodi kwamba yeye ndiye wa kwanza kwenye foleni ya kununua ni kama kumpa kiti cha mbele kwenye basi ambalo hana nauli yake.

Kwa hivyo tuulize mapema, na kwa maandishi. Katiba kifungu cha 43 yasema kila mtu ana haki ya makazi yanayofaa. Kifungu cha 35 chasema raia ana haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Halafu kuna Sheria ya Kupata Habari ya 2016, na hii ndiyo nataka muishike. Mimi chuo sikumaliza, na niliisoma yote kwa simu.

Barua yaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Imeandikwa humo humo kwenye sheria, Kiingereza au Kiswahili. Kama bibi hajui kuandika, afisa ana wajibu wa kumsaidia ombi lake liandikwe. Hadaiwi sababu ya kutaka kujua. Hatozwi ada ya kuomba, labda alipie kutoa nakala. Na ofisi ina siku 21 kujibu. Ikimnyima au ikinyamaza, anapeleka lalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayoitwa Ombudsman, na asikawie, ana siku 30.

Auliza nini? Mkataba wa kaunti na mjenzi wasemaje kuhusu wapangaji wa sasa. Fidia imehesabiwa vipi. Ahadi ya kurudi imeandikwa wapi, na kwa bei gani. Na hili ndilo kubwa kuliko yote: kwenye faili la nyumba yetu kuna jina la nani? Wallahi hapa ndipo familia huumia. Kadi ni ya babu, babu alifariki zamani, risiti za kodi ziko chini ya godoro, na anayelipa ni shangazi ambaye hayuko popote kwenye rekodi. Siku ya kuhesabu watu, shangazi ni mgeni kwenye nyumba aliyolea watoto.

Kuna wanaosema nyumba si yako, huna la kudai. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu, kwenye kesi ya Mitu-Bell, iliyotokana na watu waliobomolewa karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, ilisema hata walioishi muda mrefu kwenye ardhi ya umma bila hati wana haki ya makazi ya kulindwa. Sembuse mpangaji mwenye risiti?

Wikendi hii zitoeni hizo risiti, mzipige picha moja moja, tarehe ionekane. Andika barua, msomee bibi, aweke sahihi au dole gumba. Toa nakala mbili. Moja waachie ofisini, ya pili wapige muhuri wa kupokea na tarehe, urudi nayo nyumbani. Siku 21 zaanza hapo.