Joker wa Pili na Dawati Lililosahauliwa

Wanafunzi wangu waliokwenda kuitazama Joker: Folie à Deux walirudi na lawama moja: "Dokta, wameiharibu kwa nyimbo." Lawama hiyo imesikika kila mahali tangu filamu ilipotoka Oktoba 2024, na hesabu za fedha zinaelekea kuiunga mkono. Filamu ya kwanza, ya mwaka 2019, ilitwaa Simba wa Dhahabu mjini Venice, ikampatia Joaquin Phoenix tuzo ya Oscar na kuingiza zaidi ya dola bilioni 1. Ya pili inakadiriwa kugharimu karibu dola milioni 200, na mapato yake hayakupita sana kiasi hicho. Watazamaji wa Marekani waliohojiwa na CinemaScore wakitoka ukumbini waliipa daraja la D. Daraja hilo nalijua vizuri kutokana na kazi yangu. Aghalabu humwendea mtahiniwa aliyejibu kwa bidii swali ambalo hakuulizwa.

Nami nimevunjika moyo, lakini si kwa sababu ya nyimbo.

Turudi kidogo nyuma. Wengi wanaikumbuka filamu ya kwanza kwa ile ngoma ya kwenye ngazi. Mimi naikumbuka kwa dawati. Arthur Fleck, mtu anayetumia dawa aina saba, ameketi mbele ya ofisa ustawi wa jamii katika chumba kilichojaa majalada. Ofisa anamweleza kwamba bajeti imekatwa, ofisi inafungwa, na hicho ndicho kikao chao cha mwisho. Kisha anaongeza jambo ambalo watumishi wa umma wanaosoma hapa watalielewa bila kufafanuliwa: wakubwa hawamjali mtu kama Arthur, wala hawamjali mtu kama yeye ofisa. Arthur anauliza swali moja tu la maana, kwamba sasa dawa zake atazipata wapi. Hajibiwi. Yote yanayofuata, hadi studio ya televisheni, yanapita katika mlango huo uliofungwa. Simsafishi muuaji; nasema tu kwamba filamu ilikuwa na ujasiri wa kutuonyesha saini ya mhasibu karibu na alama za damu.

Ndiyo maana mwaka huohuo wa 2019 waandamanaji wa Beirut, Santiago na Hong Kong walionekana mitaani wamejipaka uso wa Joker. Sidhani kama walikuwa wakishangilia mauaji. Waliitambua Gotham, mji ambao taka zinarundikana huku tajiri akiwaita maskini vichekesho.

Katika mwendelezo, mwongozaji Todd Phillips anataka kuwakemea waliomgeuza Arthur kuwa shujaa. Hoja hiyo ni halali, na kwa filamu ya gharama kubwa hivi ni hoja ya kijasiri. Arthur anashtakiwa kwa mauaji, umati unamtaka Joker, naye mwishowe anasimama mbele ya baraza la wazee wa mahakama na kukiri kwamba Joker hayupo, yupo Arthur peke yake aliyeua. Lee, mpenzi wake, anayeigizwa na Lady Gaga, anaondoka mara moja, kwa kuwa hakumpenda Arthur. Hadi hapo sina ugomvi.

Ugomvi wangu ni kwamba mahakama nzima inajadili swali moja: ndani ya kichwa hiki mna mtu mmoja au wawili? Ofisa yule wa ustawi wa jamii anarejea kama shahidi kwa dakika chache, na anachotakiwa kueleza ni akili ya Arthur. Ofisi yake iliyofungwa haimo katika kesi. Mji wenye njaa na hasira umebaki nje ya jengo ukipiga kelele, na sisi tumefungiwa ndani pamoja na mgonjwa. Nyimbo kongwe za Marekani zinapoanza, hazitutoi humo. Karibu zote ni ndoto za Arthur.

Wimbo haukulazimika kufanya hivyo. Siti binti Saad aliimba kisa cha Kijiti, muuaji wa Unguja aliyetorokea bara huku mkono wa sheria ukiwaangukia wanawake waliokwenda kutoa ushahidi. Wimbo ule uliishitaki mahakama yenyewe mbele ya watu walioijua. Waliozoea taarabu hawahitaji kufundishwa kwamba beti laweza kusema lile ambalo jalada limelificha. Kwa hiyo anayeniambia kuwa huzuni na siasa haziimbiki, namwomba akasikilize upya.

Na ajabu ni kwamba tukio bora la filamu hii halina wimbo. Gary Puddles, mfanyakazi mwenza wa zamani wa Arthur, mtu mfupi wa kimo aliyeshuhudia mauaji, anapanda kutoa ushahidi. Arthur, aliyekwisha kumfukuza wakili wake, anamhoji akiwa na rangi zake usoni, akifanya mzaha. Puddles anatetemeka. Anasema Arthur ndiye pekee kazini ambaye hakuwahi kumcheka, na sasa anaishi kwa hofu yake. Pale, kwa dakika chache, filamu inakumbuka kwamba mtu aliyedhulumiwa anaweza kumdhulumu aliye chini zaidi.

Kisha linakuja jambo lililoniuma kuliko yote. Arthur anarudishwa Arkham, askari wanamshambulia, na mfungwa kijana, Ricky, anayepaza sauti kumtetea, ananyongwa na askari hadi kufa. Mtu ameuawa akiwa mikononi mwa dola, na Arthur anasikia kutoka selo yake. Kesho yake mahakamani Arthur amekata tamaa, basi kifo kile kimemaliza kazi yake katika hadithi. Hakuna askari anayeulizwa. Mwendesha mashtaka Harvey Dent, mwenye ufasaha mwingi kuhusu waliouawa na Arthur, anaendelea na kesi yake, nasi tunapelekwa kwenye hukumu, mlipuko na wimbo mwingine.